Nani Aliyempeleka? Kazi za ndani Ghuba na sisi tuliobaki nyumbani

Jioni moja jirani yangu hapa Likoni aliniletea karatasi nimsomee. Alikuja na bintiye wa miaka 24, aliyekuwa na safari ya Riyadh wiki mbili mbele. Karatasi zilikuwa nne, zimebanwa pini, Kiarabu upande wa kulia na Kiingereza upande wa kushoto, Kiswahili hamna hata neno. Tuliketi barazani, nikamulika kwa tochi ya simu, nikawa nasoma kifungu baada ya kifungu na kuwafasiria. Penye mshahara binti aliitikia kwa kichwa tu. Huo alikuwa ameshauhifadhi. Penye siku ya mapumziko akanikatiza: "Na siku hiyo nitaweza kutoka nje?" Nikarudia kusoma. Mkataba ulimpa siku moja kila wiki. Haukusema kama mlango utakuwa wazi.

Tangu jioni ile nimekuwa nikiufikiria mlango huo. Wanawake wetu wengi huenda Ghuba kwa pasipoti halali, kwa viza halali, wakiwa wamepimwa afya na kuombewa dua na wazazi. Si watu waliovushwa usiku kwa mashua. Iweje basi mtu aliyetoka kwao kwa njia ya wazi kabisa afike mahali asipoweza hata kwenda dukani kununua dawa ya kichwa? Ufunguo wa mlango ule anao nani, na nani aliyempa?

Mtaani jibu lipo tayari: alijipeleka mwenyewe. Nimelisikia matangani, nimelisikia ndani ya matatu, na hulisoma kila mara chini ya video ya msichana anayelia akiomba arudishwe nyumbani. Lina ukweli wake, na ukweli huo si wa kubezwa. Wanawake hawa si watoto. Wanajua kuhesabu. Wapo waliokwenda mara mbili na mara tatu, wakajenga nyumba za mawe, wakasomesha wadogo zao, wakaacha waume waliokuwa wakiwapiga. Anayewaeleza kana kwamba ni mizigo iliyopakiwa na kupakuliwa anawavunjia heshima. Lakini kukubali kazi ni jambo moja, na kukubali kufungiwa ni jambo jingine. La kwanza alilitia sahihi. La pili halikuwamo kwenye karatasi zile nne.

Kazi hii haikuanza na sisi. Tangu mafuta yalipozitajirisha nchi za Ghuba miaka ya 1970, nyumba za huko zimekuwa zikitafuta wanawake wa kupika, kufua, kulea watoto na kuuguza wazee. Kwa muda mrefu walitoka India, Sri Lanka, Ufilipino na Indonesia. Nchi hizo zilipoanza kupiga kelele juu ya mateso ya watu wao, mambo yakabadilika. Indonesia ilipiga marufuku mwaka 2015 wanawake wake kwenda kufanya kazi za ndani katika nchi 21 za Mashariki ya Kati. Ufilipino ilikuwa imeshaweka tangu 2006 kima cha chini cha dola 400 kwa mwezi kwa wafanyakazi wake wa nyumbani. Huko Ghuba hakuna aliyeamua kuosha vyombo vyake mwenyewe kwa sababu hiyo. Ofisi za uajiri ziligeukia Afrika: Ethiopia, Uganda, Kenya, Tanzania. Kwa hiyo tangazo lile lililobandikwa kwenye nguzo ya stima, "Kazi Saudia, nafasi 50, hakuna malipo", limesafiri mbali kabla ya kufika Likoni.

Kwa watu wa Pwani na Visiwani njia yenyewe ni ya zamani. Sayyid Said wa Oman alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, na baada ya Mapinduzi ya 1964 watu wengi wenye asili ya Oman waliondoka Zanzibar. Sultan Qaboos alipoingia madarakani mwaka 1970 aliwakaribisha warudi, na ndiyo maana Maskati leo kuna nyumba ambazo Kiswahili kinazungumzwa mezani. Mwanamke wa Unguja au wa Tanga anayekwenda kule anaweza kumkuta bibi mwenye nyumba akimsemesha kwa Kiswahili kitamu kushinda cha redioni. Hilo huliwaza, lakini halimpi haki yoyote ya ziada. Wapo waliorudi wakasimulia kwamba waliambiwa "nimekununua" kwa Kiswahili hichohicho. Neno hilo, kwenye pwani hii, si neno la kusemwa ovyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na bado wapo wazee wanaoweza kukutajia bibi ya bibi yao aliletwa kutoka wapi.

Lakini mwajiri hasemi "nimekununua" kwa ukatili tu. Mara nyingi anaamini hivyo, na hapo ndipo penye fundo.

Kafala ni nini hasa

Neno kafala lina maana njema kwa asili yake. Ni udhamini: mtu kumchukua yatima na kumgharamia malezi chini ya dhamana yake. Hapa Mombasa mayatima wengi wamesomeshwa kwa kafala. Katika sheria za kazi za Ghuba, neno hilo lilipewa kazi nyingine. Mgeni haingii nchini kwa viza inayomruhusu kufanya kazi nchini. Anaingia kwa viza inayomruhusu kufanya kazi kwa mtu fulani. Mtu huyo ndiye kafili wake. Kibali cha kukaa, ambacho watu wetu hukiita ikama, hutolewa na kuhuishwa kwa mkono wa kafili. Uhalali wake wote umening'inia kwenye jina la mtu mmoja.

Pima maana yake kwa mfano. Hausigeli wa Nairobi anayetukanwa na mwajiri wake anaweza kufunga mkoba, akapanda matatu, kesho akatafuta kazi nyumba nyingine. Amepoteza kazi. Mwenzake wa Riyadh akitoka nje ya geti bila ruhusa, kafili anaweza kumripoti kwamba ametoroka. Taarifa hiyo huitwa hurubu. Ikishaingia kwenye mitambo ya serikali, ikama yake inakuwa bure, polisi wanaweza kumkamata barabarani, na hata akienda kushtaki kwamba hajalipwa mishahara ya miezi sita, yeye ndiye anayeonekana mkosaji. Kosa la mwajiri limegeuka kosa lake. Wakenya walioko Saudia humwita aliyetoroka "kemboi", kwa jina la yule bingwa wetu wa mbio za kuruka viunzi na maji. Kemboi hufanya vibarua nyumba hii na ile, hulipwa vizuri kuliko alipotoka, na hulala akisikiliza hodi mlangoni.

Serikali za Ghuba zimekuwa zikirekebisha sheria hizi, na ni haki kusema hivyo. Kuwait ilitunga sheria ya wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2015. Falme za Kiarabu na Qatar zikafuata mwaka 2017. Saudia ilipolegeza kafala mwezi Machi 2021, ikawaruhusu wafanyakazi wa kampuni kubadili kazi na kusafiri bila idhini ya mwajiri, wafanyakazi wa majumbani waliachwa nje. Baadaye zikaja kanuni zao, zilizoanza kutumika Oktoba 2024: kazi isizidi saa 10 kwa siku, mapumziko ya siku nzima kila wiki, na mwajiri haruhusiwi kushika pasipoti ya mfanyakazi.

Yote hayo ni mazuri kwenye karatasi. Shida ni kwamba mkaguzi wa kazi huingia kiwandani, huingia hotelini, lakini haingii nyumbani kwa mtu. Nyumba ni sitara. Hapa ndipo uhamiaji wa mwanamke unapotofautiana na wa mwanamume. Kijana wa Kilifi anayekwenda Qatar kujenga anateseka pia, kwa jua na kwa madeni, lakini hulala chumba kimoja na wenzake kumi. Akianguka kuna atakayemwona, akitukanwa kuna atakayeshuhudia. Dada yake yuko peke yake na familia ya watu, ghorofa tatu, mezani kwao si mahali pake, na mahali anapofanya kazi ndipo anapolala. Saa 10 zinahesabiwa na nani? Ramadhani ikiingia, futari hupikwa kuanzia adhuhuri, wageni huondoka usiku wa manane, daku hutayarishwa kabla ya alfajiri. Ukiwauliza waliorudi kuhusu uchovu, wengi hawakutajii saa. Hukutajia mwezi huo.

Na liko jambo ambalo wengi hulieleza kwa kuinamisha macho. Mwanamke akiingiliwa kwa nguvu na baba wa nyumba au kijana wake, kwenda polisi ni hatari yenyewe, maana katika nchi kadhaa za Ghuba kulala na mtu nje ya ndoa ni kosa la jinai, na mimba huwa ushahidi dhidi yake. Wapo waliojifungua huko, wengine kwa maovu kama hayo, wengine kwa mapenzi yao wenyewe, watoto wasioweza kupata cheti cha kuzaliwa kwa sababu hakuna cheti cha ndoa. Bila cheti hakuna pasipoti, na bila pasipoti mama hawezi kurudi na mwanawe. Kenya ilituma maafisa Saudia mwezi Novemba 2023 kuchukua vipimo vya DNA vya akina mama hao na watoto wao ili waanze kutambuliwa kuwa Wakenya. Kuna watoto waliofika umri wa kwenda shule bila jina lao kuandikwa popote duniani.

Miezi mitatu ya kwanza

Nirudi kwa wakala, kwa sababu bila kuielewa biashara yake huwezi kuelewa kwa nini simu ya mwanamke anayelia haijibiwi.

Mwajiri wa Saudia akitaka mfanyakazi huenda kwenye ofisi ya uajiri ya kwao na kulipa maelfu ya riyali. Sehemu ya pesa hizo huja kwa wakala wa Nairobi au Mombasa, na kipande humfikia yule mtu wa kijijini, mara nyingi mwanamke anayejulikana na kuaminika, aliyezunguka mlango kwa mlango kutafuta wasichana. Ndiyo maana safari ni "bure". Kwa desturi ya kazi za kimataifa hilo ni sawa kabisa: mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu mawakala binafsi, wa mwaka 1997, unasema mfanyakazi asitozwe. Lakini aliyelipa anajihesabu amenunua. Akiambiwa mfanyakazi anataka kuondoka, swali lake la kwanza ni nani atamrudishia pesa zake.

Hapo ndipo ile miezi mitatu ya kwanza inapoingia. Kwa kawaida ofisi humpa mwajiri dhamana ya siku 90. Mfanyakazi akikataa kazi, akiugua au akirudi ndani ya siku hizo, ofisi humtafutia mwajiri mtu mwingine au humrudishia fedha. Kwa hiyo katika siku hizo 90 ofisi ina kila sababu ya kumshawishi, kumtisha, kumhamisha nyumba, kumwambia atalipa gharama ya kuvunja mkataba, ilimradi asirudi. Siku ya 91 ikifika, dhamana imekwisha, na ofisi haina tena cha kupoteza wala cha kupata kwake. Mwanamke mmoja aliyerudi aliniambia hivi: "Mwanzo walikuwa wananipigia kila siku nivumilie. Baadaye nikawa napiga mimi, hawashiki." Alidhani alikuwa amewaudhi. Hakuwaudhi. Siku zake zilikuwa zimekwisha.

Bei nayo ina hadithi yake. Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola, riyali 3.75 kwa dola moja. Zile dola 400 za Wafilipino ni riyali 1,500. Mwenzake wa Kenya, kwa kazi ileile, katika jikoni ileile, kwa miaka mingi amelipwa riyali 900 au 1,000. Watu husema Wafilipino wanalipwa zaidi kwa sababu wanajua Kiingereza na mashine za kufulia. Sikubali. Wasichana wetu wana Kiingereza cha shule, na mashine ya kufulia ni jambo la siku mbili. Tofauti hiyo ilipangwa mezani, serikali kwa serikali. Mwajiri amlipaye Mkenya pungufu halipi thamani ya mikono yake. Analipa bei ambayo nchi yake ilikubali.

Hapa ndipo wajibu unapoacha kuwa wa kafili peke yake. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na Saudia ni miongoni mwa nchi za mbele kabisa katika fedha hizo. Fedha hizo zinaisaidia shilingi isianguke na zinalipia ada za shule kutoka Busia hadi Lamu. Serikali inayopokea faida hiyo ni mshirika wa biashara hii. Haiwezi kuja baadaye na rambirambi kama jirani aliyesikia msiba. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliwaambia wabunge kwamba Wakenya 89, wengi wao wafanyakazi wa majumbani, walikuwa wamekufa Saudia katika muda wa kama miaka miwili. Kwa wengi, sababu iliyoandikwa ni moyo kusimama. Moyo wa kila maiti umesimama. Mama anayepokea jeneza la binti aliyepimwa afya na kuonekana mzima kabla ya kusafiri anauliza kilichousimamisha.

Serikali zetu zimejaribu pia njia ya mkato, yaani kupiga marufuku. Kenya ilisitisha safari hizi mwaka 2012 na tena mwaka 2014. Ethiopia ilifunga mwaka 2013, ikafungua tena mwaka 2018. Uganda ilifunga Januari 2016. Kila mara ilitokea vilevile. Ada ya shule haikusimama, mahitaji ya Ghuba hayakusimama, na wanawake waliendelea kwenda kwa kupitia nchi ya jirani, kwa viza ya matembezi, bila mkataba na bila jina lao kuwa kwenye daftari la ubalozi wowote. Marufuku ilimwondolea mwanamke ulinzi mdogo aliokuwa nao. Naielewa hasira iliyoizaa, nami niliwahi kuishangilia. Lakini mtu humlindi kwa kumfungia mlango wa kwao ili asifungiwe wa wenzake.

Ufilipino ilichagua njia nyingine, na haikuichagua kwa hiari. Mwezi Machi 1995 mfanyakazi wa nyumbani Flor Contemplacion alinyongwa Singapore kwa mashtaka ya mauaji. Nchini kwake watu walijaa barabarani, wengi wakiamini ameonewa na serikali yao imekaa kimya. Miezi michache baadaye nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuwalinda wafanyakazi walioko nje. Leo kuna mfuko wa ustawi ambao uanachama wake ni dola 25 kwa miaka miwili, kuna maafisa wa kazi balozini, kuna nyumba za hifadhi za wanaokimbia, na tangu Desemba 2021 kuna sheria iliyounda wizara nzima ya wahamiaji. Wafilipino bado wanateswa na bado wanakufa. Sitaki mtu adhani kule kumekuwa peponi. Lakini Mfilipino akikimbia anajua anakimbilia wapi. Ubalozi wa Kenya uko Riyadh. Kutoka Tabuk, kaskazini, ni zaidi ya kilomita 1,000, na aliyenyang'anywa simu na pasipoti hatafika huko kwa miguu.

Vumilia

Nimesema mengi ya wenye ofisi. Sasa yetu sisi, tunaoshika simu huku.

Binti hupiga usiku, chooni, kwa kunong'ona. Anasema hali si nzuri. Upande huu kuna mama ambaye tayari amekopa kwenye chama kwa kutegemea mshahara wa mwezi ujao, kuna kaka anayesubiri ada, kuna mabati yamefika nusu ya nyumba. Mama haambii "rudi". Anasema "vumilia mwanangu, mvumilivu hula mbivu". Hasemi kwa ubaya. Wazee wetu walituachia maneno mengi ya subira kwa sababu maisha yao yaliihitaji. Mimi mwenyewe nimewahi kumwambia mtu neno hilo kwenye simu, na nikalala usingizi. Siku hizi nikilisikia linatoka mdomoni mwa mtu namuuliza: avumilie nini hasa? Kazi nyingi? Au njaa, kipigo, mlango? Kazi nyingi huvumilika. Hayo mengine kumwambia mtu ayavumilie ni kumrudisha ndani na kusaidia kugeuza ufunguo.

Watoto aliowaacha nao hukua. Hulelewa na nyanya, au na msichana mwingine aliyeletwa kutoka mashambani kwa pesa kidogo, ambaye naye labda ana mtoto wake aliyemwacha kwao. Mnyororo huo wa malezi unaanzia Riyadh, unapita Likoni na kuishia kijijini, na kila pete yake ni mwanamke. Baba katika simulizi hizi hatajwi sana. Ningependa atajwe.

Kisha kuna kurudi. Aliyerudi na masanduku matatu hupokewa kwa vigelegele. Aliyerudi na mfuko wa plastiki hupokewa kwa maswali: kwani ulifanya nini huko? Wenzako mbona wamejenga? Akiwa na mtoto mgongoni, maswali huacha kuulizwa mbele yake na kuanza kuulizwa nyuma yake. Nimewaona wanawake waliotoka kwenye mikono ya watu wakali sana, na kilichowavunja kabisa kikawa ni barua ya posa iliyorudishwa au mama mkwe anayekataa kula alichopika. Hapa hakuna kafili. Hapa ni sisi watupu.

Na tutazame majikoni mwetu. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani katika miji mikuu ya Kenya, tangu Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Uliza nyumba kumi za mtaani kwako wanalipa ngapi. Uliza dada wa kazi hulala saa ngapi, hula pamoja na nani, na Jumapili ni yake au ni yako. Chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA kwa upande wa Kenya na CHODAWU kwa upande wa Tanzania vimekuwa vikiwasajili wafanyakazi hawa kwa miaka, na wanaovipinga zaidi si Waarabu bali ni sisi wenye nyumba. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2011 mkataba namba 189, unaosema kazi ya nyumbani ni kazi kama nyingine, yenye saa, mapumziko na mkataba unaoeleweka. Nchi za Ghuba hazijauridhia. Tukitaka kuwashika kwa hilo, itatubidi tuwe na mikono safi ya kuwashikia.

Sisemi haya ili lawama igawanywe sawasawa mpaka kila mtu apate punje na mzigo uishe. Anayepiga ndiye anayepiga. Wakala anayezima simu ana lake, na serikali iliyotia sahihi riyali 900 ina lake kubwa. Nasema kwa sababu kila mmoja katika safari hii ameshika kitu ambacho mwingine hana. Wabunge wanaweza kudai mkataba wa serikali na serikali usomwe hadharani, na wakala asipewe leseni bila dhamana itakayolipia tiketi ya kumrudisha mtu. Misikiti na makanisa yetu yana ndugu wa imani katika miji ile ile. Na aliye na jirani anayesafiri anaweza kumsomea mkataba kabla hajatia sahihi.

Jioni ile barazani tulifanya lililokuwa mikononi mwetu. Tulipiga picha kurasa zote nne, nakala ikabaki kwangu na nyingine kwa mjomba wake. Tulitafuta jina kamili la kafili, namba ya kitambulisho chake, simu na mtaa wake, vyote vimo ndani ya mkataba ingawa hakuna aliyewaonyesha. Mama mtu hakuziamini simu. Alichukua kalamu ya wino mzito akaviandika vyote ukutani, nyuma ya mlango, chini ya kalenda. Kisha wakakubaliana neno. Mambo yakiharibika na mtu yuko karibu anasikiliza, binti ataulizia bei ya nazi.

Sasa ana miezi saba kule. Kwenye lile swali lake jibu amelipata: siku ya mapumziko hulala, na ufunguo wa mlango hukaa kwenye mkoba wa madam. Hupiga Ijumaa baada ya magharibi. Mama huiweka simu juu ya meza, sauti wazi, nasi tuliopo hunyamaza tukisikiliza. Ijumaa iliyopita aliulizia mguu wa bibi yake, akaulizia kama mvua imeingia, akaulizia paka. Nazi hakuitaja.